UZI: Bunduki kongwe za mitutu pacha kwenye trap. Kwa nini zinapiga chini, na ukague nini kabla ya kusimama yadi 16

MtutuPacha (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa trap ya Marekani (mchezo wa kupiga visahani vinavyorushwa hewani na mtambo), ile inayoendeshwa kwa kanuni za ATA, chama cha trap cha huko: kisahani cha milimita 108, vituo 5, risasi 5 kila kituo, jumla 25 kwa raundi, mpigaji akisimama yadi 16 nyuma ya banda la mtambo. Skeet na trap ya Olimpiki tuziache kando.

Swali linalorudi kila msimu ni kama Parker, L.C. Smith, A.H. Fox au Ithaca iliyotoka kiwandani kabla ya Vita vya Pili inaweza kushindana na bunduki za leo. Inaweza. Ila wengi wanaihukumu kwa kosa lisilo lake. Wanakosa visahani 5 au 6 kwa raundi, wanalaumu choki (ule mbano wa mdomoni mwa mtutu), wanalaumu uzee wa chuma, wengine wanakimbilia kwa fundi mitutu ikakerezwe. Ugonjwa uko nyuma, kwenye kitako.

Pimeni wenyewe. Laza rula ndefu juu ya ukanda ulio kati ya mitutu, iache ipite hadi juu ya kitako, kisha pima nafasi iliyobaki chini yake sehemu mbili: mwanzo wa sehemu ya shavu, na kisiginoni, yaani pembe ya juu mwishoni mwa kitako. Bunduki nyingi za Marekani za mwanzo wa karne iliyopita zitakupa kama milimita 41 mbele na 70 hadi 76 kisiginoni. Bunduki ya trap ya leo ina 35 hadi 38 mbele, na nyuma iko karibu na 48. Kitako kikiwa kimelala namna ile, shavu likikaa vizuri jicho linaona mgongo wa bunduki tu, mdomo wa mtutu umezama. Mpigaji ananyanyua kichwa atafute kisahani. Risasi hii kichwa kimepanda milimita 3, inayofuata 6, na hapo hakuna tena bunduki inayopiga mahali pamoja.

Kuna na jambo la pili. Mitutu iliyolala sambamba hujipinda kidogo kuelekea chini risasi inapoondoka, kuliko mitutu iliyopandana, ambayo ni migumu zaidi upande huo. Nacho kisahani cha trap hupigwa kikiwa bado kinapanda. Bunduki inayopiga pale pale unapoelekeza itapita chini yake mchana kutwa.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: usalama, halafu kitako, choki ije mwisho. Karibuni mnikosoe.

---

Fundi_Bawaba

Hapo kwenye usalama niachie mimi, maana ndipo watu wanaporuka hatua.

Vua kishikio cha mbele, toa mitutu kwenye fremu, ininginize kwa kidole kupitia ndoano yake (lile jino la chini linaloshika bawaba), kisha igonge kwa kifundo cha kidole. Inatakiwa ilie kama kengele. Ikitoa sauti ya debe au ikichachatika, lehemu ya ukanda imeachia mahali. Usiipige hata risasi moja mpaka ilehemiwe upya, kwa sababu unyevu umeshaingia chini ya ukanda na kutu inakula mahali usipopaona.

Tazama midomo. Kwenye bunduki ambayo haijaguswa, midomo miwili inagusana au inakaribia kugusana. Ukiona nafasi pana katikati imezibwa kwa lehemu au kipande cha bati, mitutu imekatwa. Choki imebaki sakafuni kwa aliyeikata, na kwa trap bunduki hiyo haina kazi.

Sasa chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Hapa ndipo kuna hatari ambayo haionekani kwa macho. Risasi ya kisasa ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) imeandikwa inchi 2¾, yaani milimita 70, lakini huo ni urefu wa ganda likiwa limeshafunguka. Kabla ya kupigwa, mdomo wake ukiwa umekunjwa, ina kama milimita 58. Kwa hiyo inaingia kwenye chemba ya milimita 65 bila ubishi, bunduki inafunga vizuri, kila kitu kinaonekana sawa. Ukifyatua, mkunjo unafunguka ndani ya koo la mtutu, unabana njia, shinikizo linapanda na teke linaongezeka. Usitegemee kujaribu kwa kuingiza risasi. Tumia kipimo cha chemba. Ni kipande cha chuma bapa chenye alama, na ni cha bei ndogo ukilinganisha na mtutu.

Angalizo kwa wenye Parker: kiwanda kilikuwa na desturi ya kutoboa chemba fupi kuliko ganda kwa inchi ⅛. Ukipima ukapata milimita 66 au 67, huenda ndivyo ilivyotoka kiwandani. Usimkimbilie fundi kuirefusha. Kurefusha kunaondoa chuma pale pale shinikizo linapokuwa kubwa kuliko kote, na kunashusha bei ya bunduki kwa wakusanyaji.

Baada ya hapo, unene wa kuta. Apime fundi mwenye kipimo cha saa, kila sentimita chache, mtutu mzima, pande zote nne. Mbele ya mikono yako kwenye kishikio, 0.63 mm na kuendelea inatosha. Ikishuka chini ya 0.5, iwe ya ukutani. Mitutu mingi iliyokunywa kutu ilisuguliwa ndani mpaka ikang'aa kama kioo, na mnunuzi akadhani ni neema. Kipenyo cha ndani cha geji 12 ni 18.5 mm. Ukikuta 18.9, ujue chuma kimekwenda, na kimekwenda kwenye ukuta.

---

Yadi16

Fundi, ongeza na kulegea kwa bawaba. Wengi wanatikisa bunduki imefungwa na kishikio kikiwa mahali pake, halafu wanasema imekaza. Kishikio kina springi inayosukuma mitutu nyuma, kinaficha ugonjwa.

---

Fundi_Bawaba

Sahihi kabisa. Vua kishikio, funga bunduki, shika mitutu mkono mmoja na kitako mkono mwingine, tikisa pembeni kisha juu na chini. Halafu fungua, weka kipande cha karatasi ya kawaida ya kuandikia, ambayo ina kama 0.1 mm, kati ya uso wa fremu na nyuma ya mitutu. Ukifunga bila kukwama na karatasi ikatoka bila kubanwa, bunduki imeachana na uso. Tiba ni kujaza ndoano kwa kulehemu na kuichonga upya, au kuweka msumari wa bawaba mnene zaidi. Kugongagonga ndoano kwa nyundo ili ivimbe ni ujanja wa muuzaji: inashika mwezi mmoja.

Angalia pia wenzo wa juu, ule wa kufungulia bunduki. Ukiwa mpya unasimama kulia kidogo ya mstari wa kati. Ukiwa katikati bado una maisha. Ukivuka kwenda kushoto, kifungo kimelika. L.C. Smith ina kifungo kinachozunguka na kujifidia chenyewe kadiri kinavyolika, ndiyo maana bado unazikuta zimekaza baada ya miaka 100. Parker waliweka kipande cha kubadilishwa kwenye kifungo chao mwaka 1910 kwa sababu hiyo hiyo.

---

Bi_Kisahani

Na mitutu ya Dameski? Kuna wanaosema "bomu", kuna wanaosema "haina neno". Tupate jibu la kueleweka.

---

Marisau

Dada, wote wawili wanakosea kwa sababu wanajibu bila kupima. Dameski ni tepe za chuma laini na chuma kigumu zilizosokotwa, zikazungushiwa fimbo na kuunganishwa kwa moto na nyundo. Hatari yake iko kwenye maungio: kutu inaweza kutambaa kati ya tepe, na hiyo huwezi kuiona kwa kuchungulia mdomoni.

Uingereza wana nyumba mbili za uthibitisho kisheria, London na Birmingham, na mtutu wa Dameski unaweza kupelekwa huko ukapigwa risasi za majaribio za baruti isiyo na moshi. Ukifaulu unapigwa muhuri. Marekani haina chombo cha namna hiyo, kwa hiyo Parker ya Dameski inabaki kwenye maamuzi ya fundi na vipimo vyake. Kwa mashindano ya trap ushauri wangu ni mfupi: usitumie. Siku ya mashindano ni risasi 100 au 200, si mbili tatu za porini.

Kwa wenye bunduki za Kiingereza: mihuri ya 1954 hadi 1989 inakwambia urefu wa chemba na kiwango kwa tani, kwa mfano 2½" na 3 TONS, au 2¾" na 3¼ TONS. Msichukue kikokotoo mkageuza tani kuwa psi (pauni kwa inchi ya mraba) halafu mkalinganisha na boksi la risasi la Marekani. Tani zile zilipimwa kwa kuponda kipande cha shaba, njia inayosoma chini kuliko vipimo vya umeme vya leo. Hesabu itakuwa safi na jibu litakuwa bovu.

---

Yadi16

Tuje kwenye risasi zenyewe, maana bado naona watu wanapakia aunsi 1⅛ za kasi kwenye Fox ya pauni 7.

Kanuni za ATA zinaweka ukomo wa juu: aunsi 1⅛ za marisau, yasiyo makubwa kuliko namba 7½, na kasi isiyozidi futi 1,290 kwa sekunde kwa uzito huo. Ukomo wa chini hakuna. Tumia aunsi 1, au hata ⅞, kwa kasi ya 1,150 hivi. Hesabu ndogo: aunsi 1 ya namba 7½ ina marisau 350 hivi. Aunsi ⅞ ya namba 8 ina karibu 360. Kutoka yadi 16 kisahani kinavunjwa kikiwa umbali wa yadi 32 hadi 35 kutoka kwa mpigaji, na hapo namba 8 bado ina nguvu ya kutosha. Umepunguza teke bila kupoteza hata risau moja.

Sasa mtego wenyewe: kasi ndogo haimaanishi shinikizo dogo. Risasi nyepesi za bei rahisi mara nyingi zina baruti inayoungua haraka, na shinikizo lake linaweza kuwa kubwa kuliko la risasi nzito yenye baruti ya polepole. Kiwango cha juu cha SAAMI, taasisi ya viwango vya silaha na risasi ya Marekani, kwa geji 12 ya milimita 70 ni psi 11,500, na risasi ya kawaida ya dukani ina ruhusa ya kukaribia hapo. Tafuta zilizoandikwa kuwa ni za shinikizo la chini kwa bunduki kongwe, na ganda lake liwe la inchi 2½ kama chemba ni fupi. Wanaojaza wenyewe wafuate jedwali la mtengenezaji wa baruti neno kwa neno: ganda lile, fataki ile (kiwashio cha baruti), kikombe kile cha kubeba marisau. Ukibadilisha fataki peke yake tayari umebadilisha shinikizo.

Marisau ya chuma, hapana. Chuma hakiminyiki kinapopita kwenye choki iliyobana, na mtutu laini wa zamani unavimba pale mbele kama pete. Klabu ikikataza madini ya risasi, kuna bismuti. Mfuko utalia, mtutu hautalia.

---

MtutuPacha

Asanteni. Narudi kwenye kitako kama nilivyoahidi, na hesabu zake.

Kwanza jua bunduki inapiga wapi sasa. Karatasi pana, alama moja katikati, simama yadi 40, yaani mita 36.5, tumia risasi ile ile utakayoshindana nayo na mtutu ule ule. Pandisha bunduki begani kama kawaida, shavu chini, piga karatasi 5 tofauti, tafuta katikati ya kila tawanyo na uchukue wastani. Usilenge kama bunduki ya risasi moja. Ukilenga taratibu utanyanyua kichwa bila kujua na jibu lote litakuwa la uongo.

Kwa trap unataka katikati ya tawanyo iwe juu ya alama kwa kama sentimita 8 kwa anayechelewa kupiga, hadi 15 kwa anayewahi. Umbali kutoka jichoni hadi mdomo wa mtutu ni kama sentimita 95, na karatasi iko mita 36.5, kwa hiyo kila badiliko la jicho linazidishwa mara 38. Ukipandisha shavu milimita 1.6, tawanyo linapanda sentimita 6. Mfano: bunduki inapiga sentimita 5 chini na unataka 8 juu. Tofauti ni 13. Gawanya kwa 6, zidisha kwa 1.6, unapata milimita 3.5 hivi. Ndiyo hiyo tu! Unene wa sarafu mbili umesimama kati ya mtu na visahani vyake.

Usichonge wala usigundishe mbao. Tumia pedi ya ngozi ya kufunga kwa kamba, na chini yake panga tabaka za feliti nyembamba, moja moja, ukirudi kwenye karatasi kila mara. Kitako cha asili kinabaki salama. Ukishajua kipimo chako ndipo uamue kama unataka kitako kikunjwe kwa joto. Fundi anapasha sehemu ya mkono kwa taa au mafuta ya kitani ya moto na kukikunja polepole. Mbao hurudi kidogo baada ya kupoa, kwa hiyo anakunja kupita kipimo. Kitako chenye ufa au kilichowahi kuungwa kisikunjwe.

---

Yadi16

Niongeze jambo ambalo hata wazoefu wanalisahau: vifyatulio viwili. Kwa bunduki ya mkono wa kulia, cha mbele kinapiga mtutu wa kulia, cha nyuma kinapiga wa kushoto, na wa kushoto kwa kawaida ndio wenye choki ya kubana zaidi. Raundi ya kisahani kimoja unapakia risasi moja tu, kwa hiyo ungependa kushoto. Lakini kati ya vifyatulio hivyo kuna kama milimita 25. Kitako chenye urefu wa 356 kutoka kifyatulio cha mbele kinakuwa 331 kutoka cha nyuma. Ghafla bunduki ni fupi, dole gumba linagonga pua, na mpigaji anadhani ni teke la risasi. Ukishindana na kifyatulio cha nyuma, pima urefu kutoka hicho cha nyuma, kisha ongeza kwa kiatu cha ngozi cha kuvisha kitakoni.

Bunduki nyingi zilizoagizwa kwa ajili ya trap zilibanwa mitutu yote miwili. Ukiwa na hiyo, pakia kulia, tumia cha mbele, mjadala umeisha.

---

Bi_Kisahani

Na sefti inayojirudisha kila ukifungua? Hiyo inakula visahani kuliko upepo. Mtu anaita, kisahani kinaruka, anabana, kimya.

---

Fundi_Bawaba

Kuna kijiti kidogo ndani kinachosukumwa na wenzo wa juu. Fundi anakitoa, anakiweka kwenye bahasha yenye namba ya bunduki, na sefti inabaki ya mkono. Ni kazi ya dakika chache na inarudishika. Ila bisibisi iwe imenolewa kwa ajili ya skrubu ile ile. Nafasi za skrubu za zamani ni nyembamba mno, na bisibisi ya gari itazichana papo hapo.

Mkishafika ndani, jaribuni na meno yanayoshika nyundo. Bunduki tupu, risasi bandia chemba zote mbili, nyundo zote za ndani zimevutwa, sefti imeachiwa. Gonga kitako kwa nyundo ya mpira, chini na pembeni. Nyundo yoyote ya ndani ikidondoka, meno yamelika au mafuta yameganda kuwa gundi. Kwenye visahani viwili kwa pamoja, bunduki ya namna hiyo itapiga mitutu yote miwili kwa mpigo. Mara nyingi dawa ni kusafisha tu. Kusafisha kusipofaa, meno yachongwe na mtu anayejua pembe zake, kifyatulio cha mbele kivutike kwa kilo 1.6 hadi 1.8, cha nyuma 2 hivi.

---

Marisau

Kwa L.C. Smith: angalieni mbao nyuma ya bamba za ubavuni. Karibu zote zina ufa wa nywele pale. Teke linasukuma fremu nyuma, bamba linaingia kwenye mbao kama patasi. Kaza skrubu ya mkia kwanza, kisha fundi apunguze mbao nyuma ya ncha ya bamba kwa robo ya milimita ili teke libebwe na fremu. Ufa mpya ujazwe epoksi kabla mafuta hayajaingia. Mbao iliyolowa mafuta haishiki gundi, lazima inyonywe kwanza kwa asetoni na chokaa laini, mara kadhaa.

Ithaca ya aina ya Flues ya geji 20 isiletwe kabisa kwenye trap. Fremu yake ni nyembamba na inajulikana kupasuka kwenye kona chini ya uso. Anayetaka bunduki kongwe ya kupiga maelfu ya risasi kwa mwaka atafute Winchester 21, iliyoanza kutoka 1931. Si ya kupendeza kama Parker, machoni mwangu, lakini fremu yake ndiyo ngumu kuliko zote hapa.

---

Bi_Kisahani

Swali la mwisho: rangi ya mitutu imekwisha, imebaki fedha tupu. Duka linasema litaipaka nyeusi kwa saa moja.

---

Fundi_Bawaba

Mwambie hapana, na uondoke na mitutu yako! Rangi ya saa moja ni ile ya kuchemsha kwenye chumvi kali za magadi, na chumvi zile zinakula lehemu laini inayoshika ukanda. Utapokea mitutu myeusi mizuri, na baada ya raundi chache ukanda utafunuka. Bunduki za mitutu pacha hupakwa kwa kutu ya polepole: unapaka asidi hafifu, unaiacha ishike kutu kwenye unyevu, unachemsha kwa maji safi, unasugua kwa brashi ya waya laini, unarudia mara 6 hadi 10. Siku kadhaa.

Na kama kishikio chako ni kile chembamba, vaa glovu mkono wa kushoto au telezesha mkono wa ngozi juu ya mitutu, sentimita 12 hivi mbele ya kishikio. Kufika kituo cha nne mitutu haishikiki.